Kompyuta Isiyo na Ini

Mama Chupa hanywi chai ya mtu anayemkagua. Kila anapoitwa kukagua kazi za watu hubeba chupa yake mwenyewe, ile ya kutunza chai ya moto, kifuniko kimepasuka, na jina hilo limemganda mpaka wanafunzi wake wa zamani wamesahau lile alilopewa na wazazi. Wenyeji wengine huona ni maringo. Yeye huwaambia kwamba akinywa chai yao ataandika kwa adabu, na ripoti ya adabu haimsaidii mtu. Ni mwanamke mgumu huyu, anachosha kweli, na heri wangekuwa wengi kama yeye.

Kazi yake ni sumu. Amezifundisha chuo kikuu mpaka akastaafu. Mumewe ni fundi viatu, na walipooana watu walisema weee, msomi na fundi viatu, mpaka wakachoka wenyewe. Fundi alishonea viatu kwenye chumba chenye kidirisha kimoja, kopo la gundi liko wazi mbele yake kutwa nzima. Ganzi ilianza vidoleni, ikapanda taratibu hadi magotini. Siku hizi miguu ile hana habari nayo. Ukimkanyaga, unaomba radhi bure. Kila asubuhi mkewe humvalisha viatu na kumfunga kamba, maana mwenyewe hawezi kujua kama zimekaza au zimelegea.

Mtaalamu wa sumu, na sumu ilikuwa inarudi nyumbani kila jioni kwenye shati la mumewe. Hilo linamuuma hadi leo. Na gundi ile bado inauzwa madukani.

Basi serikali ilipounda jopo la wataalamu huru wa kuukagua mradi wake wa kukadiria sumu kwa kompyuta, naye akaitwa. Mradi wenyewe si mgumu kuuelewa. Kemikali za viwandani na madukani ni nyingi mno, na kuipima kila moja kwa kina ni kazi ya miaka. Kwa hiyo vijana wa mradi huzijaribu haraka haraka kwenye seli zilizooteshwa kwenye visahani vya maabara, wakailisha kompyuta matokeo, nayo ikatoa rangi. Ikitoka nyekundu, kemikali hupelekwa mbele ya foleni ikapimwe sawasawa. Ikitoka kijani, inarudishwa nyuma kabisa, na huko nyuma zamu yake itafika lini hakuna anayejua.

Kila mkaguzi aliruhusiwa kuchagua kemikali moja anayoifahamu, aone kompyuta itasemaje. Mama Chupa alichagua kiyeyusho cha gundi ya viatu, na hakueleza kwa nini. Mkuu wa mradi, kijana mwembamba ambaye wenzake humwita Injinia, akabonyeza. Macho yote yakaenda ukutani.

Kijani.

Injinia alitabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mama Chupa damu ilimchemka. Mle ndani hakuna aliyejua habari za miguu ya mumewe, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kunyamaza juu ya nyumba yake, akauponda mradi ule kwa utaalamu wake wote, na asingelaumiwa na mtu. Tusidanganyane, alilifikiria. Kisha akasimama.

"Mwenyekiti, nina maslahi na kitu hiki," alisema. "Ndicho kilichomtia mume wangu ganzi ya miguu. Jibu nalijua, na ndiyo maana sifai kuwa mimi wa kuliandika. Muulizeni Injinia, visahani vyake vina ini? Mimi natoka nje."

Mwenyekiti, profesa mzee ambaye mchana ukisogea husinzia waziwazi, alimwambia hakuna haja ya kufika huko. Mama Chupa akamkumbusha kwamba kanuni ya mwenye maslahi kutoka nje aliitunga yeye profesa mwenyewe, akabeba chupa yake, akatoka.

Kwenye benchi la ukumbini alijimiminia chai, ikapoa asiiguse. Aliogopa. Wale walio ndani wakiwa na haraka ya chakula, gundi ingerudi nyuma ya foleni na baraka za serikali, na mafundi wengine wangeendelea kuivuta kwenye vyumba vyao. Jambo la mumewe alikuwa ameliacha mikononi mwa watu ambao mmoja wao hukoroma.

Mlango ukafunguka, akatoka Injinia, uso umemshuka, anataka kumweleza.

"Usiniambie kitu, mwanangu," Mama Chupa alimkatiza. "Kama una neno, kaliseme mle ndani, liandikwe."

Injinia akarudi ndani.

Mama Chupa alipoitwa, mwenyekiti alimsomea walichoandika. Kiyeyusho kile chenyewe si kikali sana. Ini la mtu ndilo hukigeuza kuwa kitu kinachokula mishipa ya fahamu, na seli za visahani hazina ini la kukigeuzia, kwa hiyo kompyuta haikuona kitu. Injinia alikuwa ameyasema hayo mwenyewe bila kupindisha, hata akazitaja kemikali nyingine alizohofia zimepita njia hiyo hiyo. Jopo likaamua vipimo viongezewe seli za ini, na zote zilizopewa kijani zirudiwe, gundi ikiwa ya kwanza.

Hapo mkaguzi mmoja, mkemia mwenye sauti nzito, akapendekeza mradi ufungwe kabisa. Vichwa kadhaa vikaitikia, kisha vyote vikamgeukia Mama Chupa. Kwenye hili kura alikuwa nayo, na walijua ataipiga wapi. Hawakujua.

"Kompyuta imekosea, na kosa lake tumelijua kabla ya chakula cha mchana," alisema. "Mimi nililala na kosa hilo hilo miaka mingi. Mume wangu hakuumizwa na mradi huu. Aliumia kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Mkiufunga, nani atauliza?"

Mradi haukufungwa. Injinia alimletea Mama Chupa kikombe cha chai, akaambiwa asubiri mpaka ripoti itiwe saini.

Asubuhi iliyofuata, fundi alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mkewe amepiga magoti mbele yake.

"Kwa hiyo hiyo kompyuta yenu ilisemaje kuhusu gundi yangu?"

"Ilisema haina neno."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Na wewe?"

"Nilisema isifungwe. Ifundishwe."

Fundi aliangalia nje, akatikisa kichwa kukubali.

"Haya, mama, nifunge kamba basi, nisichelewe bure."

Kamba mkewe alikuwa ameshazifunga zamani. Alikuwa amemshika mguu tu, kwa mikono yote miwili.