Kidude cha Baiskeli Kilichoninenepesha

Siku daktari aliponiambia nimeongezeka kilo sita kwa kuendesha baiskeli, baba yangu mzazi alicheka mpaka nesi akamletea maji.

Na msidhani alikuwa mzima wa afya aliyekuja kunisindikiza. Mgonjwa alikuwa yeye.

Ini lake lilikuwa limekwisha. Macho ya njano, tumbo limejaa maji, miguu imekonda kama ya kuku. Daktari Pu, mama mmoja mfupi asiye na mzaha, alishatuambia wazi: bila kipande cha ini la ndugu wa damu, mzee hauoni mwaka mpya mwingine.

Mtoto wake wa pekee ni mimi, Yin Kun. Damu zetu zinaendana, vipimo vyote safi, isipokuwa kimoja. Ini langu nalo lilikuwa limejaa mafuta.

Nilikuwa na kilo themanini na saba, kitambi kimetangulia mbele, mimi nafuata.

"Nakupa miezi mitatu upungue," alisema Daktari Pu. "Ukibaki hivi, sikupasui. Sitaki kuzika wawili."

Basi nikanunua baiskeli.

Sasa, mimi ni mtu wa Chengdu, na Chengdu kukonda ni kazi ya kishujaa. Kila kona kuna chungu cha pilipili kinachemka na watu wamekizunguka. Ila tuna njia ya baiskeli inayouzunguka mji mzima, haina gari wala pikipiki. Nikaamua kila asubuhi kabla ya kazi nitanyonga saa mbili.

Siku ya kwanza baba akaniletea zawadi. Kidude cha kufunga kwenye usukani, kinachokadiria kalori unazochoma. Alikuwa ameshaniwekea kila kitu ndani: umri, urefu, uzito.

"Wewe nyonga tu," akaniambia. "Kuhesabu niachie mimi."

Nilitokwa na machozi, jamani. Mzee hawezi hata kupanda ngazi, lakini amekwenda dukani mwenyewe kwa ajili yangu.

Asubuhi ile nikanyonga. Nilipitwa na kila kiumbe. Nilipitwa na bibi harusi aliyekuja kupiga picha, gauni amelikunja kwenye kiti. Nilipitwa na bibi mmoja aliyebeba kabichi kwenye kikapu, tena anaimba.

Yule bibi nilimkuta amepumzika kwenye benchi, na yeye ana kidude kama changu. Nikachungulia. Saa mbili, kalori mia tano.

Nikaangalia changu. Elfu mbili na themanini.

Nikamwonea huruma. Nikajisemea kimoyomoyo, kumbe mwendo si kitu, kinachotakiwa ni moyo.

Nyumbani mke wangu Qiulan alishaweka sheria. Alikuwa amesoma mahali kwamba ukichoma sana usipokula, mwili unashtuka na kuyaficha mafuta. Kwa hiyo nile chakula changu cha kawaida, halafu nirudishe nilichochoma, kasoro mia tano. Hiyo mia tano ndiyo itakayonikondesha polepole.

Kwetu mwanaume anayemtii mkewe huitwa sikio laini, na wala si tusi. Nikatii.

Mhasibu akawa baba. Yeye alikuwa mpimaji kwenye soko kubwa la mboga miaka thelathini, mizani mbele yake, kihesabio cha shanga mkononi. Sasa kila mlo alikaa mezani na shanga zake, mbele yake uji mweupe wa mgonjwa, akinipigia hesabu.

Mafuta ya nguruwe, tak. Tambi za ufuta, tak tak. Kichwa cha sungura cha pilipili, tak.

"Bado mia nne," anasema. "Kula."

"Baba, nimeshiba."

"Kwani nimekuuliza kama umeshiba? Nimekwambia bado mia nne."

Wallahi nilikula mpaka nikawa nahema. Usiku nilalie ubavu gani nilikuwa sijui. Nilikula kwa uchungu, nikijua kila tonge ni la kumwokoa baba. Kuna siku nililia juu ya bakuli la utumbo wa ng'ombe, na mzee akaniongezea mwingine kwa huruma.

Suruali zilipoanza kunibana, Qiulan akasema ni misuli ya mapaja. Kiti cha baiskeli kilipovunjika, baba akasema viti vya siku hizi havina ubora.

Ndiyo tukafika siku ile hospitali.

Daktari Pu akaangalia picha ya ini langu, akaniangalia mimi, akairudia picha. Akasema mafuta yameongezeka, na uzito umepanda kilo sita. Akaniuliza ninakula nini.

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ninakula ninachochoma, tena pungufu, na ninachoma elfu mbili na themanini kila asubuhi.

"Kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli."

"Unapanda milima?"

"Hapana. Ni tambarare tu."

Hapo ndipo baba alipopasuka kwa kicheko. Alicheka ameshika tumbo lake lenye maji, machozi yanamtoka. Nikajua mzee ameanza kuchanganyikiwa, maana ini likifa huwa linapanda na kichwani.

Daktari hakucheka. Alinipa mwezi mmoja na nusu wa mwisho. Nisipopungua, jina langu linafutwa, na mwingine wa kutoa hakuna.

Tulipofika nyumbani, Qiulan alikifungua kile kidude usukanini akakaa nacho kitandani. Akabonyeza, akabonyeza.

"Njoo uone uzito wako," akasema.

Kilikuwa kimeandikwa 174.

Hapa niwaeleze. Sisi mwili wa mtu tunaupima kwa jin, na jin ni nusu kilo. Ukimuuliza mtu yeyote kwetu ana uzito gani, anakutajia jin. Mimi kweli nilikuwa na jin mia moja sabini na nne. Ila kidude kinataka kilo.

Yaani miezi mitatu kile kidude kilikuwa kinaamini kimepandwa na nguruwe wa maonyesho. Na mtu akiwa mzito, hesabu ya kalori inapanda naye. Nilikuwa nachoma nusu ya nilichoambiwa, na nakula karibu yote.

Qiulan akaanza kucheka. Akasema masikini mzee, mazoea yamemponza, kosa hili angelifanya mtu yeyote wa huku. Nami nikacheka.

Halafu nikaacha.

Kwa sababu baba si mtu yeyote. Huyu ni mtu aliyekaa katikati ya wakulima wanaotaja jin na wanunuzi wa mikoani wanaotaja kilo, miaka thelathini, hajakosea hata kitunguu kimoja. Siku ya harusi yetu alimwinua Qiulan kumvusha kizingiti, akautangaza uzito wake mbele ya wageni, na akapatia. Qiulan mpaka leo hajamsamehe.

Mtu huyo akosee jin na kilo?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mezani, kinanipakulia.

Nilimkuta barazani, anamwagilia vitunguu majani vyake alivyopanda kwenye boksi. Nikamwekea kidude mbele yake.

"Baba, hukukosea."

Akakitazama. Hakujitetea.

"Tikiti wewe," akasema, ndivyo tunavyomwita mpumbavu. "Miezi mitatu ndiyo unajua leo?"

"Kwa nini?"

"Ningekataa mimi, mngelia, mngenibeba mkanilaza kwenye kile kitanda kwa nguvu. Nikaona heri ukataliwe na mizani. Mizani hailaumiwi na mtu."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia amenifanya mjinga, amenilisha kama bata, na kwamba kila tonge nilidhani nakula kwa ajili yake.

Aliendelea kumwagilia. Kisha akasema polepole, "Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Wewe nilikupata mzima, hujapungua kitu. Sijawahi kuona kitu kikakatwa na mizani ikabaki pale pale. Nikuache umepungua, mimi niende wapi na aibu hiyo?"

Nikamwambia daktari ameshaeleza kwamba ini linaota tena.

"Daktari anapima kwa mdomo," akajibu.

Nilirekebisha kidude nikaandika kilo zangu halisi, tisini na tatu, na nikaanza upya kunyonga na kula kama ndege. Lakini nilijua hata nikikonda nikawa uzi, mzee hatasaini karatasi ya upasuaji.

Aliyelimaliza ni Qiulan.

Asubuhi moja alichukua mkasi, akavikata vitunguu vyote vya baba mpaka kwenye udongo. Mzee akafoka mpaka majirani wakachungulia. Qiulan akaingia ndani. Akaitoa mizani ya zamani ya mzee kabatini, akaviweka juu, akamwambia asome.

"Jin moja kasorobo," mzee akasema kwa hasira.

Akavipika, tukala, vikaisha.

Baada ya wiki tatu akavikata tena. Akaweka mizani mbele yake.

"Soma, baba."

Mzee alisoma. Akavitoa, akaipuliza mizani vumbi, akavirudisha, akasoma tena.

"Jin moja kasorobo," akasema. Kisha akageuka kwangu. "Leo umenyonga?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini, tikiti wewe? Siku zinakwisha."

Mwezi na nusu ulipotimia, Daktari Pu alitazama picha ya ini langu, akatikisa kichwa kukubali. Mzee akasaini kabla kalamu haijafunguliwa kifuniko, ikabidi arudie.

Tulipasuliwa siku moja, vyumba viwili vinavyopakana. Nilipozinduka nilikuwa nauma kote, na neno la kwanza nililoletewa na nesi lilikuwa swali la mgonjwa wa chumba cha pili. Anataka kujua kipande kilikuwa na uzito gani, na atajiwe kwa jin.

Ule ulikuwa mwaka juzi. Ini langu limeota likajaa, daktari amenionyesha kwenye picha, na baba aliitaka picha ile akaibandika barazani juu ya vitunguu vyake.

Sasa ana macho meupe na baiskeli yake mwenyewe. Tunazunguka mji pamoja, na wote wawili tunapitwa na yule bibi wa kabichi.

Mlidhani zile shanga ameziacha? Kila tukirudi anakaa mezani, anasoma kidude chake, anaanza. Tak, tak. Kisha anachukua kichwa cha sungura kilichonona kuliko vyote, anakiweka kwenye bakuli langu.

"Hizi kalori si zangu," ananiambia. "Ini lililofanya kazi ni lako. Kula."

Nilijaribu kubishana naye mara moja. Akanionyesha hesabu, na hesabu ilikuwa imekaa sawa.

Nakula.

Funzo langu kwenu ni hili. Kabla hujakiamini kidude, kiulize kinadhani kimembeba nani. Na ukimwona mtu anakujazia sahani kila siku mpaka unakereka, usiitazame sahani peke yake. Mtazame anayepakua, halafu jiulize yeye amekula nini.