Bwana Kanga

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji, na daktari akamwonya mama asibebe kitu kizito mpaka kidonda kipone kabisa. Lakini ng'ombe wetu wanafungwa bandani mwaka mzima, lazima waletewe majani, na huku kwetu mlimani majani ni kazi ya wanawake. Mwanamume anachinja, anagawa nyama, anapogoa kahawa. Hakati majani.

Baba alikata. Mimi nilikuwa narudi kutoka shule giza likianza kuingia, kwa hiyo alishuka yeye mtoni na mundu, akakunja kanga ya mama ikawa ngata, akajitwisha mzigo. Alirudi kwa njia ya nyuma, katikati ya migomba. Nilijua kwa nini anapita huko. Niliona aibu kumwangalia, nikajifanya naosha vyombo.

Jirani yetu alikuwa na televisheni, ya kwanza upande wetu, akiiwasha kwa betri ya gari. Jumapili baada ya ibada tulijazana sebuleni kwake kuangalia vichekesho. Siku hiyo mchekeshaji alikuwa mume aliyejifunga kanga, anafua nguo za mkewe, na rafiki yake mwenye kitambi anamzomea dirishani: "Umeolewa wewe!" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Baba naye alicheka. Halafu jirani akamgeukia.

"Mangi, huyu si wewe kabisa? Kanga ya shemeji iko wapi leo?"

"Nimeisahau kwa mkeo," baba akajibu, wakacheka tena. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Shingo ilikuwa imemkaza. Betri ikaisha nguvu, picha ikasinyaa ikawa nukta, na mchezo ulikuwa bado.

Kesho yake, nikipita kilabuni na sare yangu, nikasikia wanywa mbege wanampokea baba: "Bwana Kanga, shikamoo!" Tangu hapo hakushuka tena mtoni.

"Baba, ng'ombe wanalia," nilimwambia.

"Kwani nyumba hii haina wanawake?"

Hakuwahi kuongea hivyo. Ilikuwa sauti ya yule wa kitambi. Mama alikuwa jikoni. Nilisikia tu mundu ukinolewa kwenye jiwe.

Wiki nzima nikirudi nilikuta majani bandani. "Nani kaleta?" nikamuuliza mama. "Yameletwa," akasema, akashika ukuta ili ainuke.

Jumapili iliyofuata baba alikataa kwenda kwa jirani. Mchezo ulirudiwa, nikaona mwisho wake bila yeye. Yule wa kitambi aliugua, mkewe kasafiri, jiko limemshinda kuwasha, akalialia mpaka mume wa kanga akamletea uji. Kumbe tangu mwanzo yeye ndiye aliyekuwa anachekwa! Sebuleni wanaume hawakucheka sana.

Nilikimbia nyumbani. Mimi si msemaji, maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Baba alikuwa amesimama uani, mtoto analia mikononi mwake.

"Baba, yule mwenye kitambi..."

"Mama yako kashuka mtoni tangu mchana," alinikatiza. "Hajarudi."

Akampa bibi wa nyumba ya pili mtoto, tukashuka kwa barabara ya mbele, mbele ya watu wote. Tulimkuta njiani amekaa kando ya mzigo, mikono yote miwili chini ya tumbo, gauni limelowa palepale. Mvua haikuwa imenyesha.

Baba alichuchumaa, akampa mgongo.

"Acha," mama akanong'ona. "Watu watakuona."

"Panda," baba akasema. "Panda, mama, nakuomba."