Matone Mawili ya Dawa

Fundi wa seli katika maabara ya mifugo si daktari, lakini Mutanu, mama anayemwoshea chupa, humwita hivyo. Vidole vya fundi vimechunika kwa spiriti. Kila chupa ya seli za mbuzi huifungua polepole, huipa chakula chake cha majimaji mekundu, kisha huitilia matone mawili ya dawa ya kuua bakteria. "Daktari, hata hawajakohoa unawatibu?" Mutanu humtania. Naye, akimwita mama kwa Kikamba, hujibu kwa sauti ya chini, "Mwaitu, kinga ni bora." Miaka mitano amezilea hivyo seli hizo, ndizo za kutengenezea chanjo.

Majuzi mkubwa wake aliagiza dawa isitiwe kwa wiki mbili, waone kama chupa ni safi kweli. Siku ya tatu Mutanu alimkuta fundi dirishani, ameshika chupa. Majimaji mekundu yalikuwa yamegeuka manjano, mazito kama maji ya mto baada ya mvua. Chupa zote zilikuwa hivyo. "Zimeoza leo?" Mutanu akauliza. "Si leo, mwaitu. Bakteria walikuwamo siku zote. Dawa iliwanyamazisha tu, nami nikadhani ni mikono yangu iliyo safi." Mutanu akanyoosha mkono azichukue akazimwagie klorini, maana hiyo ni kazi yake. Fundi akakataa. Alizimwaga mwenyewe, moja moja, akisoma kwa sauti tarehe iliyoandikwa kwenye kila chupa, na Mutanu akasimama wima, kama watu wasimamavyo majina ya marehemu yakisomwa kanisani.