Utando kwenye Marimba ya Masudi

Mwanangu Masudi anapiga marimba ya Wagogo, ingawa sisi si Wagogo. Babu zetu walikuja Dodoma na misafara ya biashara, wakaoa, wakajenga, wakabaki. Kwetu mtu akikua anashika mizani au cherehani. Kwa hiyo Masudi alipokuwa kijana na akaanza kwenda kila jioni kwa mzee Sostenes, fundi wa marimba anayekaa nyuma ya nyumba yetu hapa Miyuji, baba yake, Mungu amrehemu, alisema mtoto amepotea njia na hata barabara hajavuka.

Mzee Sostenes alicheka tu. "Ninyi watu wa misafara mlikuja kununua chumvi, mkasahau kuondoka," alimwambia mume wangu. "Huyu namchukua badala ya kodi."

Marimba yenyewe ni kisanduku cha mbao kinachopakatwa, juu yake kuna vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao hutobolewa matundu madogo, na kila tundu huzibwa kwa utando wa buibui. Si utando ule unaoning'inia darini. Ni kifuko cha mayai cha buibui bapa wa ukutani, cheupe na chembamba kama karatasi ya sigara. Bila utando, chuma hulia kikavu, kikanyamaza. Ukiwepo, kila mlio huburuta nyuma yake mvumo mwembamba, na Mgogo akiusikia mvumo huo hata mabega yake hubadilika.

Basi Masudi akanikataza kufagia kuta. Mimi niliyelelewa na mama aliyekuwa anafagia mpaka kivuli, nikaacha kuta zangu na madoa meupe kama mtu mwenye choa. Jirani yangu Kuluthumu hakuliacha lipite.

"Mama Masudi, siku hizi unafuga?"

"Nafuga nini?"

"Buibui. Wenzako wanafuga kuku wa mayai, wewe buibui wa mayai."

Nilicheka naye, nikaenda zangu. Mtu hawezi kugombana kila siku.

Masudi alikuwa na kazi katika karakana ya umma. Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi, karakana ikafungwa, watu wakapunguzwa, na yeye akaenda kwa mafundi bati wa sokoni, kugonga masanduku ya wanafunzi na majiko ya mkaa. Kutwa nzima nyundo na bati, wanaume wamepangana bega kwa bega wanagonga. Ukipita pale lazima uzibe masikio. Yeye alikaa humo miaka, jioni anarudi, anakula, anapakata marimba yake.

Ndipo akaja Fahadi. Fahadi ni mpiga gita aliyekuwa katika bendi ya shirika moja, nalo shirika likafa na bendi yake. Akasema watu wamechoka na nyimbo za kuiga, tuchukue ngoma za hapa hapa. Akamtafuta Ruthu, mama wa Kigogo anayepiga ngoma ameibana mapajani kama wanawake wa kwao wanavyopiga, akamchukua Masudi na marimba yake, akatia gita, besi na spika kubwa. Wimbo wa palizi uliokuwa ukiimbwa shambani mpaka jembe lichoke, yeye aliupa mwanzo na mwisho, katikati akaweka mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza na marimba inabaki peke yake. Mahali pale watu walikuwa wanasimama. Wafanyakazi wa ofisini waliovaa tai walisimama.

Harusi zikaja, mikutano ikaja, Masudi akaacha nyundo, lakini ni kazi za kubahatisha. Mke wa Masudi, Asma, alikuwa amerudi kwao Kondoa na mtoto. Hawakuachana. Mkwe wetu alisema tu kwamba bintiye atarudi Masudi akipata kazi isiyokatika. Nilipomsikia sikumlaumu. Ningekuwa na binti ningesema hivyo hivyo.

Kazi isiyokatika ikatokea. Mwenye hoteli mpya ya Area D alitaka kikundi cha kupiga kila Jumapili alasiri, mwaka mzima. Akamwambia Fahadi: njooni Jumapili moja niwasikie, nikiwapenda mmebaki.

Wiki ile mazoezi yalikuwa uani kwa Fahadi, nami nilikuwepo kwa sababu sare zao nilizishona mimi. Walipofika pale mahali pa marimba peke yake, Rehani, kijana wa mitambo, aliruka akazima spika. Akaifungua, akachungulia ndani kwa tochi.

"Spika imechanika," alisema. "Inakwaruza."

"Haijachanika," Ruthu akamjibu bila kuinuka kwenye ngoma yake. "Ni marimba ya huyu. Masudi, kaka yangu, humo ndani umetia nyuki?"

Masudi alikunja uso. "Nyuki gani? Leo haivumi hata kidogo. Nilikuwa nataka kuongeza."

Wote wakacheka. Wakadhani anafanya mzaha. Mimi nilimtazama usoni, na mwanangu hakuwa anafanya mzaha.

Fahadi hakucheka kwa muda mrefu. "Sikiliza, bwana. Zamani mvumo wako ulikuwa kama chumvi kwenye mboga. Sasa umetupikia chumvi tupu, na kipaza sauti kinaizidisha. Nina kinanda cha kuazima, nabonyeza hapa, kinalia kama marimba, safi, hakina buibui. Jumapili ukija na hiyo ilivyo, nakaa na kinanda."

"Utawapigia Wagogo kinanda?"

"Nitampigia mwenye hoteli."

Tulirudi nyumbani. Masudi alichukua msumari wa moto, akatoboa tundu jingine kwenye ubao. Akaenda ukutani kwangu kuchagua utando. Nilihesabu moyoni matundu aliyonayo, nikakumbuka mzee Sostenes alipompa marimba ile ilikuwa na machache sana. Yameongezeka lini? Nilikuwa nayaona yakiongezeka, nikadhani ndiyo ufundi.

Jioni ile tulikaa nje baada ya swala ya magharibi. Mvua za kwanza zilikuwa zimedondoka, na nyenje walikuwa wanalia uwanja mzima, ukitaka kusema na mtu lazima usogee.

"Nyenje wa mwaka huu wamezidi," nilisema.

Akanigeukia. "Nyenje gani, mama? Mwaka huu hata hawakuja."

Nilijifanya natafuta kandambili zangu.

Kuanzia hapo nikawa namwangalia kama mtu anayemchunguza mgeni. Adhana ilikuwa anaisikia. Lori likipita alikuwa anageuka. Lakini kifaranga kililia chini ya kiti chake, amekikanyaga manyoya, na hakuinua mguu. Birika lilipiga mluzi jikoni mpaka maji yakakauka, naye amekaa mlangoni. Nyundo zile za sokoni zilikuwa zimemla sauti nyembamba zote, akabaki na zile nene. Na mvumo wa marimba ni sauti nyembamba. Alikuwa anaongeza utando juu ya utando akiutafuta, na kadiri alivyozidi kuutafuta ndivyo alivyozidi kuwaumiza wengine.

Sikulala vizuri. Akiambiwa, atavunjika. Asipoambiwa, Jumapili Fahadi atakaa na kinanda, Masudi atarudi kwenye nyundo zile zile, na Asma atabaki Kondoa. Nikaenda kwa mzee Sostenes.

"Mbukwa," alinisalimia kwa Kigogo chake, kama kawaida. Nikamweleza yote.

"Nimeona," alisema. "Juzi nilimwambia, Mswahili wangu, marimba yako imekuwa mzinga."

"Akasemaje?"

"Akaniambia mimi ndiye mwenye nta masikioni."

"Basi mwambie tena, baba. Mwambie kweli. Wewe ndiye mwalimu wake."

Alitikisa kichwa kukataa. "Mama, mimi ni mtani wake. Tangu alipokuwa mdogo namwambia yeye ni mali yangu, namwambia atazikwa na punda. Nikimwambia leo amekuwa kiziwi, atacheka, na kesho atasimulia wenzake. Mtani hana mdomo wa jambo kama hili. Wewe ndiye mwenye mdomo."

Niliondoka nimemkasirikia, lakini alikuwa anasema kweli.

Nilichelewesha mpaka asubuhi ya Jumapili yenyewe. Masudi alikuwa uani amepakata marimba, anajaribu. Ilikuwa inakwaruza mpaka kuku walisogea mbali. Nikaketi mbele yake, sikuketi pembeni, ili anione mdomo.

"Masudi, nyenje walikuja."

"Nini?"

"Walikuja na bado wapo. Wanalia kila jioni. Wewe huwasikii. Na birika husikii. Na huo mvumo unaoutafuta upo, baba, upo mwingi. Ni wewe ndiye usiyeusikia."

Aliondoa vidole kwenye vyuma. Halafu akasema kwa sauti ya kuumiza, "Fahadi amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Unataka nirudi kwenye majiko. Toka mwanzo hamkutaka hii kazi, wewe na baba."

"Nimekaa na kuta chafu kwa ajili ya hii kazi!" Nami nilikuwa nimepandisha. "Watu wananicheka mtaa mzima. Ningekuwa siitaki ningefagia."

Akainama. Alibonyeza chuma kimoja, akaweka sikio juu ya ubao. Akabonyeza kingine, akabadilisha sikio. Alifanya hivyo mpaka vyuma vikaisha. Kisha akaanza kubandua utando, tundu moja baada ya jingine, anaupuliza unaruka. Alipomaliza akanisukumia marimba mapajani.

"Bandika wewe."

"Mimi sijui."

"Unasikia, au husikii?"

Sikuwahi kuishika. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Nililowesha utando kwa mate kama nilivyokuwa namwona anafanya, nikabandika wa kwanza, nikauchana. Ruthu alikuja kumpitia waende, akatukuta hivyo, mama na mtoto wake mkubwa hawatazamani. Aliangalia matundu, aliniangalia mimi, na hakuuliza. Alikaa chini, akabandika pamoja nami.

"Piga," alimwambia Masudi. Akapiga. Ruthu akainamisha kichwa. "Bado kidogo." Tukaongeza. "Piga. Hapo. Usiguse tena, hapo inatosha."

"Mimi naona imekufa," Masudi alisema.

"Haijafa, kaka. Yaliyobaki ziba kwa nta, twende."

Hotelini nilikaa mbele, kiti cha pembeni, karibu na spika. Watu walikuwa wengi, wanakula nyama, watoto wanakimbia kati ya meza. Mwenye hoteli alisimama nyuma na miwani yake ameining'iniza kidoleni. Walianza. Ngoma ya Ruthu ikaingia, gita likaifuata, na Masudi alikuwa anapiga huku uso wake umelegea kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi na hataki kumkosea mwenye nyumba. Nikajua hasikii kitu anachokijali.

Walifika pale vyombo vinaponyamaza. Marimba ikabaki peke yake. Akaniangalia. Hakumwangalia Fahadi wala wateja, aliniangalia mimi, kama alipokuwa mdogo akivuka barabara. Ikanibidi nitikise kichwa kukubali: ndiyo, endelea, ipo. Akaendelea. Mzee mmoja aliyekuwa anakula aliweka chini pande la nyama, akainuka, mabega yake yakaanza kutikisika. Wengine wakainuka. Mimi shingo iliniuma kwa kutikisa kichwa, nikaogopa kuacha.

Walipomaliza, Fahadi alikuja kumpiga Masudi begani. "Kumbe unajua kuitengeneza! Siku zote ulikuwa unatutesa kwa makusudi?"

Masudi alicheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Fahadi hakuona. Ruthu alikuwa anafunga ngoma yake kwa kitambaa, hakuinua macho. Baadaye mwenye hoteli akawaita, wakaongea, Fahadi akarudi ameinua mikono juu. Wamebaki. Mwaka mzima.

Tulirudi kwa miguu, Masudi amebeba marimba ndani ya mfuko. Nilidhani atazungumzia Asma, kwamba sasa atampelekea ujumbe mkwewe. Hakuzungumzia. Alisema, "Ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

Nilikuwa nimechoka, miguu inawaka. Mimi shule niliishia darasa la nne, maneno ya muziki sinayo. "Nzuri tu. Ilikuwa kama mafuta yanapoanza kupata moto, kabla hujatia kitunguu."

Akatembea hatua kadhaa. "Mafuta pia siyasikii, mama. Siku nyingi."

Nikaanza kutafuta kitu anachokisikia. Kila kilichonijia kilikuwa chembamba: mbu, mvua kwenye majani, mtoto akinong'ona. Mwisho nikasema, "Basi kama lori la zabibu kutoka Hombolo. Likiwa bado mbali, hujaliona, unajua tu linakuja."

"Lori nalisikia."

"Ndiyo hivyo. Ila dogo sana."

"Kila mlio?"

"Kila mlio. Nyuma ya kila mlio."

Alifikiri juu ya hilo mpaka tukafika kwenye makorongo, akasema, "Pale mwishoni, chuma kirefu, lori lilipita au lilisimama?"

Nikamwambia lilipita. Sikuwa na hakika, lakini nilimwambia.

Sasa Asma amerudi, na kila Jumapili alasiri Masudi yuko Area D. Fahadi bado hajui, nami naomba asijue. Asma alitaka kwenda badala yangu, akaenda mara moja, na Masudi akarudi ananiuliza mimi ambaye sikuwepo. Kwa hiyo nakwenda. Nakaa kiti kile kile cha pembeni, natikisa kichwa, na njiani kurudi naanza kutafuta mfano mwingine, kwa maana wa wiki iliyopita haukubali tena. Anasema huo ulikuwa wa wiki iliyopita.