Kiti cha Shahidi

Kazini walimwita Sivyo, maana ndilo neno alilolitamka mara nyingi kuliko salamu. Miaka mingi ya kuongoza filamu na tamthilia za mambo ya kale ilikuwa imempa jicho la usumbufu. Askari wa enzi za vita akitokea na kandambili za plastiki, siku nzima imeharibika. Tena alikuwa na utaratibu wake: kando ya kamera huwekwa kiti, na hapo huketi mtu aliyeuona wakati huo kwa macho yake. Shahidi akitikisa kichwa, wanaanza upya, wapende wasipende.

Safari hii shahidi alikuwa mama yake mzazi. Tamthilia ilihusu mgomo wa vibarua wa bandarini, ule ambao baba yake alitoka asubuhi kwenda kuandamana, akapigwa risasi. Sivyo alikuwa bado tumboni. Hakumjua baba yake ila kwa kusimuliwa, na tuseme ukweli, kazi zake zote za nyuma zilikuwa mazoezi tu. Kwaheri ya asubuhi ile, baba akimuaga mama, ndiyo aliyotaka kuiona kabla naye hajaingia kaburini.

Chumba kilijengwa ndani ya ghala: kitanda cha kamba, ndoo, taa ya chemli. Mwigizaji aliyeigiza mke akamshika mumewe shati, akalia, akamsihi arudi salama. Alilia vizuri hata mpiga picha akafuta macho.

Mama akatikisa kichwa.

"Mimi sikulia. Nililie nini? Walishaandamana siku za nyuma, wakarudi wamekauka koo tu."

"Sasa alipokuaga ulifanya nini, mama?"

"Nilikuwa nachagua mchele. Akasema, 'Haya, natoka.' Nikamwambia, 'Haya.' Sikuinua hata uso."

"Hukumwangalia kabisa?"

"Ningejua, mwanangu, ningemwangalia."

 Ilimuuma Sivyo, hakuna haja ya kuficha. Umri wake wote alikuwa akiisubiri kwaheri, kumbe haikuwepo. Hapo akaliona na kosa lake la miaka yote: watu wa filamu zake walikuwa wakiyalilia mambo kabla hayajawafika. Akaagiza ungo na mchele.

Wakaanza upya. Mwigizaji akainamia ungo. Mwanamume akavaa kofia, akasema, "Haya, natoka."

"Haya," mke akajibu, vidole vikiendelea kutoa chuya.

Mlango ukafunguliwa.

"Mwangalie," mama akasema pale kitini, kwa sauti ya chini. "Mwangalie, binti yangu. Anaondoka."

Mwigizaji hakuinua uso, ndivyo alivyoelekezwa. Mlango ukafungwa. Fundi sauti akageuka, akingoja kuambiwa wasimamishe, kwa kuwa maneno ya mama yalikuwa yameingia kwenye kinasa sauti. Sivyo hakumwona. Alikuwa ameukodolea macho ule mlango, yeye na mama yake.