Nani Atamtua Bibi

Zimwi lile lilizaliwa huko mtandaoni, ughaibuni: refu, halina uso, limevaa suti. Lilipofika Tabora wajanja wakalivua suti. Klipu iliyoingia kwenye grupu la darasa letu ilimwonyesha mpagazi wa enzi za misafara, uso hana, kichwani ana pembe ya ndovu. Maelezo chini: akikuambia "nitue", kimbia. Ukimtua, mzigo unakuwa wako, utaubeba mpaka Bagamoyo.

Nilicheka sana. Kesho yake nikaacha.

Naishi mtaa wa Isevya na bibi yangu, sisi wawili tu. Yeye hufuata matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kijijini Ntalikwa, na kurudi na gunia kichwani. Gunia zito hujitui mwenyewe. Kwa hiyo akifika kona ya mtaa hupaza sauti, "Nitueni, jamani!" na watoto humkimbilia, maana kila anayemtua hupata konzi yake ya matobolwa, kisha wanabaki barazani wakitafuna na kumpigia kelele hadi magharibi. Hao ndio rafiki zake. Siku hiyo walikimbilia upande wa pili.

"Mume wangu," bibi aliniuliza, "hivi nanuka?"

Nikamwonyesha klipu. Akaitazama kwa makini.

"Huyu muongo. Hana hata ngata ya kuwekea mzigo kichwani. Pembe ingeshamtoboa utosi."

Lakini watoto hawakurudi, naye kila jioni alitandika mkeka uleule mpana.

Jumamosi nikaona dawa ni utani. Nikavaa kanzu ya marehemu babu, inayonifika magotini, nikajitwika gunia, nikasimama konani nikikata kiuno. "Nitueni, jamani!" Wakiona ni mimi, nilidhani, watacheka, watakuja.

Yalisikika makomeo ya milango tu.

"Ni mimi, nyie mabwege!"

Shingo ikaanza kuwaka kwa uzito. Mwishowe bibi ndiye aliyetoka akanitua.

Jumatatu shuleni hapakuwa na habari nyingine: mpagazi kaonekana Isevya! Mtu alikuwa amenirekodi kutoka dirishani, kichwa kimekatwa na ukingo wa picha.

"Umeiona ile miguu?" jirani yangu wa dawati alisema. "Si ya binadamu."

"Ni yangu."

"Toka hapa! Wewe kila kitu utani."

Nikapandisha suruali wote waone. Wakacheka mpaka wakalia. Kufikia mapumziko, wenzetu wa mtaa wa Chemchem walikuwa wanaapa kwamba na kwao kapita.

Jioni nilimkuta bibi barazani, konzi za matobolwa kazipanga kwenye sinia. Nikakaa kwenye mkeka. Nikala ya kwanza, nikanyang'anya ya pili, nikapiga kelele, nikalia kwamba nimepunjwa, nikajigombanisha mwenyewe kwa sauti ya watoto watano.

Bibi alitabasamu, kwa adabu tu, huku akitazama kona.