Somo la Ma Anatolia Wodini

Miaka mingi Anatolia Byabato alifundisha historia chuo kikuu, Dar es Salaam, na wanafunzi walimjua kwa jambo moja: hakubali jibu upesi. Mtu akishasema lake, yeye huvua miwani na kuuliza, "Umejuaje?" Ukumbi hucheka, mabishano huanza, na muda ukiisha hakuna anayetaka kutoka.

Figo ndizo zilizomtoa. Kwanza miguu ilivimba, kisha ikaja siku aliyopotewa na mhadhara katikati, akasimama mbele ya vijana asijue alikuwa akisema nini. Daktari hakumficha: damu yake ingesafishwa kwa mashine kila baada ya siku chache, maisha yake yote. Akaaga kazi, akarudi kijijini kwao Ijumbi, mkoani Kagera, kwenye kibanja cha marehemu baba yake. Vitabu vilikuja katika maboksi. Mdogo wake Violeth aliyapanga sebuleni, na hapo yakakaa.

"Dada, si ufungue hata moja usome?"

"Nisome, halafu nimwambie nani?"

Siku za mashine alipanda pikipiki hadi Muleba, kisha gari la Bukoba. Hospitalini alikaa saa nyingi, mrija mkononi, macho darini, akiukumbuka ukumbi wake: vumbi la chaki, madirisha yasiyofungika, sauti za vijana wakishindana.

Kiti cha jirani kilikuwa cha Mzee Dhirubhai, muuza vitambaa wa mjini, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki. Siku moja akamgeukia.

"Ma Anatolia, nasikia ulikuwa mwalimu wa historia."

"Nilikuwa."

"Basi niambie. Utotoni mwangu, meli ikipiga honi, watu tele wa mjini wanateremka kwenda bandarini. Hata asiye na mgeni. Tulikuwa tunafuata nini?"

Anatolia alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya kahawa ya Kagera. Bandari ilikuwemo, na magunia yalikuwemo, lakini watu waliokwenda kutazama tu hawakuwemo. Na yeye mwenyewe aliikumbuka siku aliyopanda meli kwenda shule Mwanza, mama yake akiwa amembebesha senene wa kukaanga, amesimama gatini akipunga kitenge mpaka akawa mdogo kama punje.

"Sijui," alisema. Kisha akavua miwani. "Wewe unadhani mlifuata nini?"

"Habari. Magazeti yalikuja na meli."

"Umejuaje?"

Dhirubhai alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mashine. Bibi mmoja wa Kagoma, kiti cha mbele, akadakia kwamba watu walikwenda kuaga, maana anayeingia majini huagwa hata na asiyemjua. Dhirubhai akakataa katakata. Walibishana mpaka walipofunguliwa mirija.

Kesho yake Violeth alimkuta dada yake sakafuni, katikati ya maboksi yaliyochanwa.

Haikuwa kama zamani. Baada ya kurasa chache tu kichwa kilikuwa kizito, na mara nyingine alilia kwa hasira, kwa kuwa aliwahi kumaliza kitabu kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Akajifunza kusoma kidogo, kulala, kusoma tena. Wodini aliwasomea wenzake, nao wakamwongezea kumbukumbu zao. Mkono ulipochoka kuandika, alisema kwenye simu ikarekodi, na Violeth akachapa. Mwaka ulipozunguka, makala yake juu ya bandari ilitoka katika jarida la chuo chake cha zamani.

Dhirubhai aliishika, akasoma jina lake miongoni mwa walioshukuriwa. "Mimi niliacha shule nikae dukani," alisema. "Baba alisema nitarudi."

Alifariki wakati wa mvua za masika. Mwanawe Alpesh alikuja wodini mwenyewe kuwaarifu. "Siku za hospitali," alisema, "baba aliziita siku za shule." Bibi wa Kagoma akamjibu, akimwita baba kwa Kihaya, "Pole, tata. Tumefiwa pamoja."

Sasa kiti kile amekikalia mwalimu wa shule ya msingi kutoka Muleba, Gamaliel, mtu mpole anayekubali kila anachoambiwa. Wiki hizi wodi inauliza kwa nini wazee wa zamani walitembea siku nzima kumpeleka mtoto shule, wakati wao wenyewe hawakuijua hata herufi moja. Gamaliel anasema Ma Anatolia ndiye anayejua.

"Sijui," Anatolia anamwambia. "Bishana nami kidogo, mwalimu."

Gamaliel bado anaona haya. Anatolia anamvumilia.